Kiboksi cha Baruti

Pikipiki ile haikuwa na adabu ya kupita mahali kimyakimya. Ukiachia mafuta tu ili upunguze mwendo, ekzosi inapasua: pa, papa, pa. Kinyozi wa pale kona, akiisikia inakuja, alikuwa anaondoa kabisa mashine kichwani mwa mteja asije akamchora mtu barabara isiyo na mwisho. Ndiyo maana mwenye pikipiki akaitwa Baruti, na jina likamganda mpaka mama yake mzazi akawa analitumia.

Sasa Baruti amekufa, na pikipiki inaendeshwa na dada yake.

Kifo chenyewe hakikuwa na hadithi. Pikipiki haikuhusika, msije mkaanza. Alirudi kutoka kazini kichwa kinamuuma, akanywa dawa, akasema ajilaze kidogo, na hakuamka. Watu walikuja, wakalia, wakala, wakaondoka. Dada mtu hakulia. Alipanga viti, akachota maji, akawaonyesha wageni pa kuvulia viatu, na mashangazi wakatazamana, mmoja akanong'ona kwamba huyu naye ana moyo wa jiwe. Wamwache. Moyo haukuwa wa jiwe, ulikuwa umekufa ganzi tu, kama shavu la mtu aliyetoka kung'olewa jino: unalishika, unajua ni lako, lakini halikuambii kitu.

Na mambo ya meno aliyajua, maana ndiyo yaliyomlisha. Alifanya kazi kwa mzee mmoja anayetengeneza meno ya bandia katika karakana ya chumba kimoja, kila kitu humo kimepakwa vumbi jeupe la plasta, hata redio. Madaktari wa meno wanapima vinywa vya wagonjwa wao. Yeye anachukua zile nakala za fizi, anampelekea mzee, na meno yakiisha kuchongwa anayarudisha. Zamani kazi hiyo aliifanya kwa miguu na kwa kuomba lifti. Baruti alipoondoka, pikipiki ilibaki imeegemea ukuta wa nyumba ikiangaliwa na kila anayepita, na kuendesha alikwisha fundishwa na Baruti mwenyewe. Basi akaichukua. Akafunga kisanduku nyuma, akakitandika sponji ndani ili meno ya watu yasigongane, na maisha yakaendelea yanavyoendeleaga, yaani bila kumuuliza mtu.

Nyumbani walibaki wawili, yeye na mama. Mama alikuwa na masikio mazito, na mtaa wao ulikuwa wa pikipiki tangu asubuhi hadi jioni, kwa hiyo kwake ngurumo zote zilikuwa sawa na ukimya. Kilichoweza kuingia mpaka ndani kwake kilikuwa kitu kimoja tu. Kila jioni, pikipiki ikikata kona kwa kinyozi na dada mtu akiachia mafuta, pa, papa, pa, mama alikuwa anainuka. Anatoka uani, anavuta komeo la geti, analisukuma geti wazi, kisha anageuka na kurudi ndani bila kungoja wala kuangalia nani anaingia. Pikipiki ikiegeshwa, kikombe cha chai kiko tayari kwenye ncha ya meza iliyo karibu na dirisha. Chai nyeusi, bila sukari.

Hiyo ilikuwa chai ya Baruti. Baruti hakupenda sukari tangu utotoni. Mama naye daktari alimkataza. Nyumba nzima, mla sukari alikuwa dada mtu peke yake, na alikuwa mla sukari kwelikweli, wa kupigiwa kelele arudishe kijiko. Ungedhani angesema. Neno moja tu: mama, sukari. Hakusema. Jioni ya kwanza aliinywa ile chai chungu kwa sababu alikuwa amechoka, jioni ya pili aliinywa kwa sababu ya jioni ya kwanza, na baada ya hapo ikawa ndiyo chai yake. Mara nyingine mama aliita kutoka jikoni, "Baruti, funga dirisha hilo," naye akainuka akafunga dirisha.

Hakuona vibaya. Hakuona vizuri pia. Ganzi ndivyo ilivyo.

Pikipiki ndiyo iliyoanza kulalamika. Asubuhi inasuasua kuwaka. Ukiivuta mafuta kwa ghafla inasita, inakohoa, halafu inaruka kama mbuzi aliyekanyagwa. Ukisimama kwenye foleni, joto linapanda mpaka mapajani. Akaipeleka kwa fundi wa Baruti, rafiki yake wa kuzaliwa naye mtaa mmoja, ambaye watu walimwita Subiri kwa kuwa hakuwahi kumpa mteja jibu lingine. Fundi Subiri alifungua plagi, akaishika kwenye mwanga, akamwonyesha. Ncha yake ilikuwa nyeupe, kavu, kama chaki.

"Unaona hii, dada? Ilitakiwa iwe na rangi ya kahawia. Injini ina njaa."

"Mafuta si ninaweka."

"Unaweka tangini. Hayafiki ya kutosha. Sikiliza. Mdogo wako alifunga hii ekzosi mpya, ya wazi, inapitisha hewa nyingi. Lakini mafuta yanagawiwa na ubongo, kile kidude kilichoko chini ya kiti. Sasa ubongo haujaambiwa kwamba mambo yamebadilika. Unagawa vilevile kama zamani. Injini inapumua sana, inakula kidogo, inachemka. Ndiyo maana hata ukiachia inapasua hivyo."

"Turudishe ekzosi ya zamani."

"Aliitoa akapewa hii. Ilishaenda na maji."

"Dawa yake nini?"

Fundi akafuta mikono kwenye kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono. "Kuna kiboksi. Cha umeme. Kinakaa katikati ya ubongo na sindano ya mafuta. Ubongo ukisema kijiko kimoja, chenyewe kinaongeza kidogo juu yake. Kina vitufe, unapima, unaongeza, unapunguza, mpaka injini itulie."

"Na milio?"

"Ngurumo itabaki. Kule kupasua ndiko kutakwisha."

Dada mtu aliitazama ekzosi. Fundi nadhani alijua anachofikiri, maana na yeye alikuwa anakaa mtaa uleule na masikio anayo.

"Nitafikiria," alisema.

"Usisubiri sana," alisema Fundi Subiri. Neno hilo, kutoka kinywa hicho, lingemshtua mtu yeyote mwenye akili zake. Yeye alivaa kofia yake ngumu akaondoka, pa, papa.

Alikwenda hata dukani kukitazama. Muuza vipuri alimtazama kwanza yeye, kisha nyuma yake, kama vile mwanamume mwenye pikipiki angetokea muda wowote.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe ni mimi."

"Haya dada, karibu." Akaweka viwili juu ya kaunta. Kimoja kidogo, nyaya mbili tu zimechomoza. "Hiki ukikifunga, pikipiki inaota mabawa. Nguvu inapanda, na mafuta yanapungua."

"Nguvu inapandaje na mafuta yanapungua?"

"Ni teknolojia, dada."

Fundi alikwisha mwonya kuhusu hicho kidogo. Ndani yake hamna kitu, alisema, ni kikwazo cha umeme tu kimefichwa kwenye plastiki, kazi yake kuudanganya ubongo kwamba kuna baridi ili uongeze mafuta ovyo. Cha bei rahisi ni ghali. Kile kingine kilikuwa cha kujaa kiganja, kizito, kina vitaa na vitufe na mkia wa nyaya wenye soketi zake. Bei yake ilikuwa ya kumfanya mtu akirudishe kwa mikono miwili. Lakini hela alikuwa nayo, tusidanganyane, hadithi hii si ya hela. Alikishika, akakigeuza, akabonyeza kitufe kimoja ambacho hakikufanya chochote kwa kuwa hakikuwa kimeunganishwa na kitu. Akakirudisha.

Jioni hiyo alisimama kwa kinyozi, si kunyolewa, bali kwa sababu kinyozi alimwita kwa mkono. Mteja hakuwepo. Kinyozi alikuwa ameketi kwenye kiti chake mwenyewe, miguu juu.

"Nasikia unataka kuitibu hiyo."

Mtaa huu, ukipiga chafya unaambiwa pole hata kabla hujamaliza.

"Sijaamua."

"Mimi ningeshukuru. Nimeshamkata mtu sikio kidogo kwa ajili ya ndugu yako." Alicheka, kisha akaacha. "Lakini nikwambie ukweli, dada. Mimi kutoka hapa namwona mama yako. Kutwa nzima haonekani, hata pazia halitikisiki. Ukipasua hapa kona, anatoka. Kila siku. Mama yako amebakiwa na hicho tu. Ukikinyamazisha, sijui atainuka kwa ajili ya nini."

"Najua," alisema.

Alijua. Hilo ndilo lililokuwa limekaa kati yake na kile kiboksi. Alijaribu kumwuliza mama mwenyewe. Walikuwa mezani, kikombe cha chai chungu kiko mbele yake kinafuka mvuke, mama anakunja nguo.

"Mama, pikipiki inasumbua. Fundi anasema ifungwe kifaa."

"Ee?"

"Pikipiki. Itengenezwe."

"Mwambie Baruti," alisema mama, akaikunja nguo. Kisha mikono ikasimama juu ya ile nguo, ikakaa pale, na macho yake yakaganda ukutani. Baada ya hapo ikaendelea kukunja. Dada mtu akanywa chai yake yote, akaosha kikombe.

Basi akaahirisha. Wiki moja akawa anaendesha taratibu, ili isichemke. Alijifunza kuikwepa foleni, kuizima kwenye taa, kuisukuma mlimani. Mzee wa meno alivumilia, kisha uvumilivu ukamwisha. Siku moja pikipiki ilizimika katikati ya makutano, ikagoma kabisa, na kwenye kisanduku mlikuwa na meno ya mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa anamwoza binti yake mchana huo. Mwalimu alimwozesha mwanawe akiwa amefunika mdomo kwa leso. Picha zote zimetoka hivyo.

"Mwanangu," alisema mzee wa meno, akipuliza vumbi kwenye taya la plasta, "mimi nakupenda kama damu yangu. Lakini meno si barua, kwamba yakichelewa mtu anasoma kesho. Itengeneze hiyo, au niruhusu nitafute mtu mwingine. Nisikudanganye."

"Nimesikia, mzee."

"Umesikia au umeitika tu? Siku hizi wewe unaitika kila kitu."

Aliisukuma pikipiki mpaka kwa fundi, jua kali, jasho likimwingia machoni, na magari yakimpigia honi kana kwamba anafanya makusudi.

Fundi Subiri hakumwambia asubiri. Alifungua, akachungulia, akamwita aje achungulie pia, ingawa yeye hakuona kitu isipokuwa giza na mafuta. Valvu imeanza kuungua, alisema. Bado inaponyeka. Bandu bandu huisha gogo. Wiki chache zaidi, injini itakufa, na injini ikifa haitapasua wala haitanguruma, itakuwa chuma cha kufungia mbuzi.

"Kwa hiyo milio itakwisha kwa vyovyote," alisema dada mtu.

"Kwa vyovyote."

Alikaa kwenye tairi kuukuu. Alijitafuta ndani kama anahuzunika, akakuta hamna mtu. Aliwaza geti, na komeo, na mama akiwa amekaa kwenye kiti mpaka giza linaingia akingojea mlio ambao hauji. Aliwaza karakana ya meno bila kazi. Viwili hivi alivipima, na havikuwa na uzito wowote mkononi, na hicho ndicho kilichomtia hofu kidogo, hofu ya mbali, ya mtu anayeona moshi ukitoka nyumbani kwake na hakimbii.

"Nitakuambia kitu," alisema fundi. "Baruti mwenyewe alikuwa hapendi ile milio."

Dada mtu akamtazama.

"Watu walidhani ni mbwembwe. Mlimpa na jina. Alikuwa anacheka, afanyeje, mtu ukishapewa jina umepewa. Lakini hapa alikuwa anakuja ananililia. Anasema kila nikifika nyumbani namshtua mama, anaacha alichoshika anakimbilia geti akidhani kuna jambo. Alikuwa ameshasema mwisho wa mwezi tunafunga kiboksi." Akakuna kichwa. "Mwisho wa mwezi haukufika, basi."

Dada mtu aliinuka kwenye tairi. Kwa hiyo kile walichokuwa wanakitunza wote wawili, yeye kwa kuacha pikipiki iungue, mama kwa kuinuka, hakikuwa Baruti. Kilikuwa ubovu tu, ambao Baruti alikuwa anangojea kuutengeneza.

"Nipeleke dukani," alisema. "Kile kikubwa."

Kazi ilichukua mchana. Fundi alisaga valvu, akafunga kichwa cha injini, akaunganisha kile kiboksi chini ya kiti, soketi hii hapa, soketi hii pale, akawasha, akaanza kubonyeza. Kitaa cha kijani, kitaa cha njano. Anavuta mafuta, anasikiliza, kichwa kimeinama upande kama daktari wa watoto. Anaongeza. Anapunguza. Halafu akavuta mpaka mwisho na kuachia ghafla, na wote wawili wakakaza mabega kungojea.

Ikashuka polepole, mmmm, kama mtu anayekubali jambo. Haikupasua.

"Unaisikiaje?" aliuliza fundi.

"Haina kitu."

"Ndivyo inavyotakiwa," alisema fundi, na akageuka kutafuta spana ambayo alikuwa ameishika.

Aliendesha kurudi nyumbani. Pikipiki ilikuwa laini, inakwenda inakotakiwa bila ubishi, haichomi mapaja, haisiti. Alitamani kuichukia. Pale kona aliachia mafuta kama kawaida, na kinyozi alikuwa na mteja, mashine ikapita kichwani mwake moja kwa moja bila kuinuliwa. Kinyozi hakumwona akipita.

Geti lilikuwa limefungwa.

Alizima injini. Alikaa juu ya pikipiki, miguu chini, akilitazama. Hakuwa amerudi jioni akalikuta lile geti limefungwa tangu mazishi. Rangi yake ilikuwa imebanduka karibu na komeo, na chini kulikuwa na alama ya tairi. Ndani kimya. Alishuka, akagonga. Hakuna jibu. Akagonga kwa nguvu, kwa kiganja, chuma kikalia, akagonga tena, na mwisho akasikia kandambili zikiburuzwa uani, pole, pole, za mtu ambaye hajui anakwenda kumfungulia nani.

"Nani?" aliuliza mama.

"Mimi."

"Mimi nani?"

Sasa hilo ni swali ambalo kila mtu huulizwa mlangoni, na mtoto wa miaka mitatu analijibu. Yeye alifungua mdomo, pakatoka pumzi. Miezi yote hiyo alikuwa anaingia kwenye nyumba ile kila jioni, na hapakuwahi kutokea hata siku moja mtu kumuuliza yeye ni nani. Geti lilikuwa linafunguka lenyewe, kwa ajili ya mtu mwingine, naye alikuwa anapita.

"Mimi nani?" mama alirudia, kwa sauti ya juu zaidi, akiwa karibu kabisa na chuma.

"Ni mimi, mama. Binti yako."

Komeo lilivutwa. Mama alisimama kwenye uwazi wa geti akiwa na khanga begani na mwiko mkononi, akamtazama. Akamtazama hasa, kuanzia kofia ngumu mpaka viatu vyenye vumbi la plasta. Akatazama na pikipiki.

"Sikuisikia," alisema.

"Imetengenezwa."

"Haitapasua tena?"

"Haitapasua."

Mama aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kwa muda mrefu. Kisha akashika mpini mmoja wa pikipiki, dada mtu akashika mwingine, wakaisukuma ndani pamoja, na mama akarudi kulifunga geti kwa mikono yake.

Ndani, chai ilikuwa haijamiminwa. Mama aliiweka jikoni tena ipate moto, akamimina kikombe, akakileta mpaka kwenye ncha ya meza karibu na dirisha, akakitua. Hakukiachia. Alisimama pale, vidole bado vimeshika mkono wa kikombe.

"Wewe hunywi hivi," alisema.

Dada mtu alivua kofia yake ngumu.

"Wewe tangu mdogo hunywi hivi. Muda wote huu nakupa hivi, nawe unakunywa." Sauti yake ilikuwa ya ukali, ule ukali wa mama anayegundua mtoto ana homa na hakusema. "Mbona hukuniambia, mwanangu?"

Akaenda kabatini. Alihamisha sufuria, akahamisha chupa, akalitoa kopo la sukari kutoka nyuma kabisa. Kifuniko kilikuwa kimekamata. Akakifungua kwa ncha ya kisu, akachungulia. Sukari ilikuwa imeshikana, imekuwa jiwe moja, na kijiko alichokiacha humo bintiye mara ya mwisho kimenasa katikati yake. Mama akaketi kwenye kigoda, akaliweka kopo mapajani, akaanza kuigonga na kisu.

Hapo ndipo dada mtu alipoinamisha uso mezani, akalia, kwa sauti ya kusikika nyumba ya pili. Mama, ambaye masikio yake ni mazito, alisikia. Hakumwambia anyamaze. Aliendelea kuigonga ile sukari kidogo kidogo mpaka ikapatikana ya kutosha kikombe kimoja.